Njia ya Katikati ya Vitalu

Hakuna mtu kijijini aliyejua njia ile ilianza lini. Ilitoka juu, mgongoni mwa kilima, ikashuka kati ya mahindi na migomba, ikakatiza shamba la Mama Kitalu katikati kabisa ya vitalu vyake vya miche, kisha ikateremka mpaka kwenye pampu ya maji, mashine ya kusaga na zahanati. Ilikuwa nyembamba, njia ya mtu mmoja mmoja. Wawili wakikutana, mmoja alisimama pembeni na ndoo yake kichwani akampisha mwenzake, na hapo hapo wakaulizana habari za nyumbani. Lakini ilikuwa fupi. Aliyeishika kutoka juu alifika zahanati kabla hajamaliza kutafuna kipande cha muwa.

Mama Kitalu hakuwa na mtoto aliyeitwa Kitalu. Jina lilitokana na kazi. Kabichi, nyanya, vitunguu, pilipili hoho, karibu kila mche uliopandwa kijijini ulikuwa umeanzia mikononi mwake, chini ya vivuli vya nyasi alivyoviezeka mwenyewe. Marehemu mumewe alimwachia vitu vitatu: shamba, hati ya shamba, na wifi. Shamba alilijua. Hati aliitia kwenye mfuko wa nailoni akaiweka chini ya godoro. Wifi ndiye aliyemshinda, hakujua amweke wapi.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa miaka sabini kasoro, mrefu, wa maneno machache, aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya juu, pale ambapo ukisimama uani unaviona vitalu vyote vya Mama Kitalu kama vikombe kwenye sinia. Hawakugombana, wala hawakuwa chanda na pete. Walisalimiana, walipeana chumvi ilipopungua, basi. Lakini kwa miaka yote aliyoolewa, na sita aliyofiwa, Mama Kitalu alihisi kwamba yale macho ya juu yalikuwa yanamhesabia makosa.

Jumamosi njia ile ilikuwa na watu wengine. Hao walikuwa watu wa mjini, wanaume kwa wanawake, waliokuja kutembea tu. Mwanzoni jambo hilo lilimchekesha Mama Kitalu: mtu mzima na akili zake kupanda kilima ambacho hana shamba juu yake, kisha kushuka mikono mitupu. Aliyewaongoza alikuwa binti wa hapo hapo kijijini, wa miaka ishirini na kitu, ambaye watu walimwita Buti kwa sababu ya mabuti makubwa aliyovaa masika na kiangazi. Buti aliwapokea wageni kituo cha basi asubuhi, akawapandisha kwa njia ya vitalu, akawazungusha siku nzima kileleni, msituni na mashambani, halafu akawashusha upande wa pili kwa bibi yake, wakanywa chai na kupumzisha miguu. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na bibi yake. Mama Kitalu hakuwahi kumzuia. Buti alipiga hodi kila mara, na wageni walipita mmoja mmoja wakiisifia miche, naye, ingawa hakuonyesha, sifa zile alizipenda.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja baada ya usiku wa mvua. Mama Kitalu alikuwa na vitalu vinne vya kabichi iliyokuwa tayari kuhamishiwa shambani, vilivyoagizwa na nusu ya kijiji, maana msimu ulikuwa umewadia. Aliamka mapema akaenda kusaga mahindi, akakuta foleni, akakaa. Aliporudi jua lilikuwa limeshapanda, na kati ya vitalu vyake walikuwa wamesimama watu saba wenye mabegi mgongoni, na Buti mbele yao. Vitalu viwili vilikuwa vimevurugwa. Miche imelala kifudifudi, mingine imekatika shingo, mingine imezama kwenye tope. Na viatu vya wageni, vyote, vilikuwa na tope.

Debe la unga lilishuka kichwani mwake asijue limeshukaje.

Watu waliokuwa kwenye pampu walimsikia vizuri. Aliwaita wageni wale wavivu, watu wasiojua jasho, watu wanaosafiri kuja kulipiga picha jembe la mwenzao. Aliwaita ng'ombe wenye viatu. Buti alijaribu kueleza kwamba walikuta hali iko vile vile, kwamba walikuwa wamesimama wakijiuliza wampe nani habari. Mama Kitalu alimwambia anyamaze, kwamba tamaa ya kazi imemfundisha uongo. Miongoni mwa wageni alikuwamo mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya turubai, fundi saa aliyekuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho. Yeye hakujitetea. Aliingia kitaluni, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuinua mche mmoja mmoja kwa ncha za vidole, akishindilia udongo kwenye shina polepole, kama anayerudisha skrubu ndogo mahali pake. Alikuwa ameinua kama kumi hivi Mama Kitalu aliposimama juu yake.

"Toa mikono yako," alimwambia. "Ulichokifanya kwa miguu kinatosha."

Mzee akasimama. Akakitazama kiatu chake cha kulia, halafu cha kushoto. Akasema samahani. Kisha wote wakarudi walikotoka, na Buti nyuma yao, amekunja mdomo kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Siku hiyo hiyo Mama Kitalu alichukua hati yake akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu aliyeogopa ugomvi kama paka anavyoogopa maji. Alikiri kwamba shamba lina karatasi na njia haina, akamwomba afikiri siku mbili tatu kwanza. Mama Kitalu alimjibu kwamba ameshafikiri njiani. Jioni nguzo za kwanza zilikuwa zimesimama. Jumatatu alivuta seng'enge juu na chini ya shamba, akajazia miiba, na njia iliyokuwapo kabla bibi zao hawajazaliwa ikafungwa.

Jumanne alikuwa anachimba shimo la nguzo ya mwisho aliposikia kitu kinatafuna nyuma yake. Akageuka. Ndama wake alikuwa amesimama kwenye kitalu cha tatu, majani ya kabichi yananing'inia mdomoni, kamba shingoni, na kigingi alichokuwa amefungiwa kinaburuzika mwisho wa kamba. Chini udongo ulikuwa bado laini kwa mvua, amekivuta kimetoka. Mama Kitalu alimfukuza. Kisha akasimama pale pale, akavitazama vile vitalu viwili vilivyoharibika, ambavyo tangu Jumamosi hakuwa na moyo wa kuvigusa.

Tope la juu lilikuwa limekauka na kila kitu kimebaki kilivyokuwa. Alama za viatu zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa njiani, pembeni. Ndani ya vitalu, chini ya miche iliyolala, zilikuwamo alama ndogo zilizogawanyika katikati kama punje ya kahawa, zikizunguka na kuzunguka, na kati yake mstari wa kitu kilichoburuzwa. Za binadamu zilikuwa chache za mzee wa kofia kuingia na kutoka, na mashimo mawili ya mviringo. Hayo yalikuwa ya magoti.

Alijaribu kubishana nazo. Jumamosi ile aliporudi, ndama alikuwa amefungwa vizuri, amelala anacheua. Alimwona kwa macho yake. Ndama hawezi kujifunga mwenyewe. Alishikilia hilo kwa muda, mfa maji haachi kutapatapa, lakini kila alipoinamisha macho, kwato zilikuwa pale pale, hazina haja ya kubishana na mtu.

Aibu ilimjia masikioni, joto. Kwa Buti palikuwa mwendo wa dakika kumi. Angeweza kutupa jembe akaenda. Alifikiria. Halafu akafikiria pampu na wote waliosikia, akafikiria mwenyekiti, na seng'enge mpya inayong'aa, na lile neno lake, ng'ombe wenye viatu. Wangemcheka nalo mpaka kaburini: kumbe ng'ombe ni wake, tena hana viatu. Akaingia stoo, akatoa reki. Alitazama kushoto na kulia kabla ya kuanza, ingawa hakukuwa na wa kumwona, maana njia alikuwa ameshaifunga. Akasawazisha udongo mpaka ukawa laini kama unga. Akamwaga mbegu mpya. Ndama akamhamishia nyuma ya nyumba, akamfunga kwa kamba fupi kwenye mti.

Watu wakaanza kuzunguka. Njia ya kuzunguka ilishuka ukingo wa udongo mfinyanzi mpaka kijitoni, ikavuka juu ya mawe, ikapanda tena, ikapita nyuma ya uwanja wa shule, ndipo ikafika zahanati. Karibu saa nzima. Hakuna aliyekuja kulalamika. Hilo ndilo lililomtesa. Zamani, kabla ya saa sita mchana, alikuwa ameshapokea salamu arobaini na kujua nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kapoteza kuku. Sasa alisikia maji ya kopo lake la kumwagilia tu. Walioagiza kabichi walikuja kwa mlango wa mbele, wakachukua miche iliyosalia, wakashukuru, wakaondoka. Mashineni mazungumzo yalibadilika akiingia. Watu hawakumnunia, walimpa salamu fupi, kama anayopewa mgeni.

Buti alijaribu kuwapitisha wageni njia ndefu mara mbili, kisha wageni wakaacha kuja. Mjini kulikuwa kumesemwa kwamba kijiji kile kinatukana watu. Akaonekana akipalilia mashamba ya wenzake kwa kibarua, na mabuti yake yale yale. Wakikutana, alimpa Mama Kitalu shikamoo, kwa kuwa ni haki ya mkubwa, lakini hakusubiri marahaba.

Mama Kitalu alijiambia atasema wiki ijayo. Wiki ikija, akaona bora ipite sikukuu ya shule, halafu ipite mvua. Uongo wa kwanza ulikuwa wa hasira, nao hakuujua kuwa ni uongo. Huu wa pili aliulea mwenyewe, kila asubuhi, na kadiri alivyoulea ndivyo ulivyozidi kuwa mzito kuubeba.

Wiki ya saba alikuwa mashineni. Msagaji alimwambia huku akifunga mdomo wa gunia, bila kumtazama, kwamba wifi yake ameanguka. Alikuwa anakwenda zahanati kuchukua vidonge vya presha. Jiwe la kijitoni lilimteleza, mfupa wa mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo, akakaa ndani ya maji mpaka wapita njia walipomkuta wakamtoa kwa machela ya blanketi. Msagaji hakuongeza neno. Alimkabidhi debe lake na kumwita aliyefuata.

Hospitali ilimkalisha Wifi siku tatu, ikamrudisha nyumbani na plasta mpaka gotini. Mama Kitalu akapika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akatoka. Kutoka kwake mpaka kwa Wifi palikuwa hatua mia mbili tu, kwa ile njia. Alifika kwenye seng'enge yake ya juu akaweka mkono kwenye nguzo. Waya angeweza kuulegeza, akapita, akaufunga tena; shamba ni lake, na mkono uliofunga ndio huo. Alisimama pale kwa kitambo. Mwishowe alikosa uso wa kupita. Akageuka, akashuka, akashika njia ndefu aliyowapa wenzake, ambayo tangu siku ile hakuwa ameikanyaga.

Aliidhani njia mbaya. Hakujua ubaya wake una sura gani. Kijitoni watu walikuwa wamepanga mawe na kuchomeka mti mmoja wa kushika, nao tayari ulikuwa umelainika kwa mikono. Jiwe la nne lilitikisika chini ya mguu wake, akapiga magoti ndani ya maji, chupa ya uji kifuani. Ukingoni mtu alikuwa amechimba vidaraja kwa jembe, vifupi vifupi, vya kutosha mguu wa mtoto. Alipanda akihema, akishika mizizi. Katikati ya ukingo alikutana na jirani yake mmoja, mjamzito wa miezi kama minane, anashuka na ndoo. Yule jirani ndiye aliyejibana ukutani kumpisha. Akampa pole ya mgonjwa, akamwambia aangalie vidaraja vya juu, vinateleza. Mama Kitalu aliitikia, akaendelea kupanda, na kwa sehemu yote iliyobaki hakuweza kuinua uso.

Wifi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha chuma kando ya dirisha, mguu umeinuliwa juu ya mto na blanketi lililokunjwa. Kwenye kigoda palikuwa na redio, glasi ya maji na vidonge vyake. Alipokea salamu, akamtazama mgeni wake kuanzia kichwani mpaka kwenye nguo iliyolowa magotini.

Akamuuliza amepita wapi.

"Kijitoni," alisema Mama Kitalu.

Wifi akatikisa kichwa. Wakanywa uji. Wakazungumza habari za maumivu, na jinsi plasta inavyowasha mahali ambapo mkono haufiki. Mama Kitalu alikiweka kikombe chini, akakishika tena, akakiweka. Kisha akasema. Habari ilianza kutoka mkiani: reki kwanza, halafu mbegu mpya, halafu kwato, na mwisho ndama.

"Najua," alisema Wifi.

Mama Kitalu alidhani hajasikia vizuri.

"Nilikuwa nafagia uani. Nikamwona ndama kaingia kwenye miche. Nikaita, hupo. Nikashuka mwenyewe. Na magoti haya, mpaka nifike, keshamaliza kitalu cha pili. Nikamvuta kwa kamba nikiwa njiani, nikamrudisha, nikakigongomea kigingi kwa jiwe."

"Kumbe wewe ndiye uliyemfunga?"

"Unadhani alijifunga?"

Aliendelea kwa sauti ile ile ya chini. Alipanda kwenda kubadili nguo zenye tope, akikusudia kushuka baadaye kumpa habari. Akiwa ndani akasikia makelele. Alipotoka wageni walikuwa wameshaondoka, na alipopata nguvu ya kushuka tena, Mama Kitalu alikuwa ameshakwenda kwa mwenyekiti na nguzo zimelazwa tayari.

"Ningesema nini hapo? Wifi kumtolea ushahidi wifi yake? Wangesema nalitaka shamba la ndugu yangu. Nikasema, ataona mwenyewe. Na ukaona." Akaelekeza kidevu dirishani. "Nilikuwa nimesimama pale siku uliyotoa reki."

Kutoka kitandani vitalu vilionekana vyote, mstari kwa mstari. Mama Kitalu alijiona kwa macho ya aliyesimama juu: mwanamke ameinama, anageuza kichwa kushoto na kulia, anafuta. Kwa wiki saba alikuwa amemsalimia mtu aliyeyajua yote hayo.

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie." Wifi akausogeza mguu wake kwa mikono miwili. "Na mimi ninalo langu. Binti wa watu anapalilia kwa wenzake, mimi nimekaa kimya nachunga jina la nyumba ya ndugu yangu. Usifikiri uko peke yako."

Hakusema amemsamehe. Alisogeza kikombe ili aongezewe uji.

Mama Kitalu alishuka kwa njia yake. Alifika kwenye seng'enge, akaikata kwa koleo aliloazima kwa Wifi, ya juu na ya chini, akang'oa nguzo, mikono ikachanika kwa miiba. Kabla ya jioni alikuwa uani kwa bibi yake Buti. Buti alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugonga. Kisha akaliweka jembe chini.

"Njia hukuninyima mimi tu, mama. Wengi wamezunguka," alisema. "Mimi ulinifanya mwongo. Niliwaambia watu wale, kijijini kwetu mtaheshimiwa. Halafu ukaniita mwongo mbele yao, na ukajua, ukanyamaza."

Mama Kitalu alisema ni kweli. Alimuuliza afanye nini.

"Uliyasema mbele za watu. Yarudishe mbele za watu. Mimi usiniombe kitu kwanza."

Kwenye pampu alikwenda kesho yake asubuhi, saa ya ndoo nyingi. Hakuteka maji. Alisimama akasema yote, na reki akaitaja. Walipokwisha kusikia, maji yalikuwa yakifurika kwenye ndoo ya mtu fulani bila mwenyewe kuyaona. Halafu mama mmoja mtu mzima akauliza kwa upole kama ndama huyo alikuwa amevaa viatu vya kufunga au vya kuchomeka. Wakacheka. Walicheka wakashika mbavu, mwingine akaketi juu ya ndoo yake, naye ilimbidi asimame pale awasubiri wamalize. Machozi yalimtoka. Lakini baadaye aligundua kwamba kicheko kile kilimuuma kidogo kuliko zile salamu fupi.

Wageni walichukua majuma matatu kukubali kurudi. Walikuja sita. Buti alimtaka Mama Kitalu atembee nao, si asimame mlangoni aseme neno moja akimbilie vitalu vyake. Basi akatembea. Mtu aliyekuwa akiwacheka wanaopanda kilima bila shamba alikipanda mwenyewe, kwa kandambili, nyuma ya watu wenye mabegi, mpaka mahali ambapo kijiji kizima kilikuwa kimelala chini kama kitambaa chenye viraka. Alikuwa hajawahi kukiona hivyo. Aliliona paa lake na uwazi mwembamba kati ya vitalu. Aliiona pia njia ya kuzunguka, nyekundu, ndefu, imeshuka na kupanda kama kovu la mshono mbaya.

Pale juu akasema. Wageni walisikiliza, wakamwambia yamekwisha, mmoja akampa maji. Walikuwa wepesi wa kusamehe kuliko alivyostahili. Ndipo akauliza, yule mzee wa kofia yuko wapi, aliyepiga magoti.

Wakatazamana. Mwanamke mmoja, muuguzi, alieleza kwamba mzee hatembei nao tena. Siku ile alirudi akawaambia miguu yake imepofuka kama macho yake, kwamba amekanyaga riziki ya mjane na hakuhisi chochote chini ya soli. Walimwambia si yeye. Alijibu kwamba lazima awe mmoja wao, na mwenye macho mabaya ni yeye.

Mama Kitalu aliomba wampigie. Muuguzi akatafuta namba, Buti akampokea simu, akaibonyeza, akampa Mama Kitalu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni yule mama wa miche."

"Marahaba, mama," sauti ilijibu haraka, kabla hajaendelea. "Samahani sana kwa siku ile. Sikupata nafasi ya kuomba vizuri."

Ikabidi amkatize. "Mzee, ngoja. Hukukanyaga hata mche mmoja. Alikuwa ndama wangu. Nilijua siku ya nne." Hiyo siku ya nne angeweza kuiacha. Alimwona Buti akimtazama, lakini hakuitaja kwa ajili ya Buti.

Upande wa pili palisikika saa nyingi zikigonga pamoja, kila moja na mwendo wake.

"Hata mmoja?" aliuliza mzee.

"Ndani ya kitalu ulipita kwa uangalifu. Palikuwa na alama za magoti yako."

 Mzee akasema kwamba vile viatu ameshampa mkwe wake. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kitu kilipo. Akamshukuru kwa kumwambia, akamtakia mvua njema, akakata simu. Mama Kitalu alibaki ameishika sikioni. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Tusi angelijua la kulifanyia.

Mzee hakurudi kutembea mwaka ule. Wageni wengine walirudi, si wote, wachache wachache, na Buti akaacha vibarua. Anapopita asubuhi hupiga hodi, hutoa shikamoo, na sasa husubiri marahaba, ila hapo ndipo mazungumzo yao yanapoishia. Wifi ametolewa plasta. Mguu mmoja umebaki mzito, anashuka polepole na fimbo, na akifika vitaluni hukaa kwenye kigoda kupumzika, wakamenya karanga, wakizungumza au wasizungumze.

Jumamosi moja alikuja mgeni mpya, mwalimu, mwanamke mchangamfu aliyependa kila alichokiona. Alisimama kati ya vitalu akamsifu Mama Kitalu kwa moyo wake mwema. Alisema huko kwingine alikotembea, mtu mwenye miche mizuri namna hii angekuwa ameshaizungushia seng'enge siku nyingi, watu wakome.

Buti alikuwa mbele, amewapa mgongo, hakugeuka. Ilikuwa rahisi kusema karibu. Mama Kitalu alihisi masikio yanapata joto kama siku ile ya kwato, ingawa ilikuwa imepita karibu miezi kumi. Aliweka kopo chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Hata hapa palifungwa, mwalimu," alisema. "Nilipafunga mimi. Kaa kidogo nikueleze."